Kumbukumbu Rasmi

Kazi yangu ni kuandika wanayosema.
Si wanayofikiri, si wanayoyameza.
Navaa visikizi, narudisha kanda, napiga chapa:
Mheshimiwa Gathitu, saa tisa na dakika kumi.

"Bwana Spika, kanuni hizi za Nairobi
zimeandikwa na mtu aliyevaa shati la mikono mifupi."
(Kicheko.)
Kicheko hukaa kwenye mabano. Ndio utaratibu.

"Hajawahi kuamka Molo mwezi wa saba
akakuta maji ya kuku yameganda sufuriani,
viazi vimebabuka kwa sakitu kama vilimwagiwa uji wa moto.
Leo anatwambia hita zetu za gesi zinatoa sumu.
Zipimwe. Zipigwe muhuri. Zisizopita zitupwe.
Je, atatuletea jua kwa lori?"
(Makofi.)

Hapo pa lori nilirudia mara tatu,
na si kwamba hapakusikika.
Gathitu anajua kusema. Kabla hajavaa tai
alimkopesha mama mbegu za viazi, gunia zima,
na zikaota.

Hita ya mama ina sahani tatu za kauri,
ya katikati imepasuka.
Aliinunua kwa mwalimu aliyehamishwa.
Zamani moto wake ulikuwa wa samawati;
siku hizi ni wa rangi ya chungwa,
na darini, juu yake, pana duara jeusi
upana wa ungo.
Yenye muhuri ni elfu kumi na nane.
Nilipiga hesabu nyuma ya ajenda ya kikao:
ng'ombe mmoja, lita sita, malipo kila tarehe tano,
toa pumba, toa dawa ya kupe —
nikaikunja ile karatasi.

Saa tisa na dakika arobaini
alisimama Mheshimiwa Jepkosgei.
"Bwana Spika, kuna mtoto kule kwetu juu—"
Spika: Muda wako umekwisha.
"—mtoto, Bwana Spika—"
(Maikrofoni imezimwa.)

Namjua huyo mtoto. Ni Kemunto, jirani yetu.
Alilazwa karibu na hita, mlango umezibwa kwa gunia
upepo usipenye.
Nyakweba, baba yake, alimtoa nje
amelegea kama nguo iliyoloweshwa,
akamlaza kwenye nyasi nyeupe kwa sakitu
kwa sababu hakujua amlaze wapi kwingine.
Huko ndiko alikotapika, akalia.
Baridi ile ile ya kwenye hotuba.

Hoja ya kuzipinga kanuni ilipita,
thelathini na moja kwa tisa.
Kwenye kanda, wakati kura zinahesabiwa,
kuna mtu anakohoa, mkavu, kwa muda mrefu.
Sijui ni wa upande gani.
Kukohoa hakuandikwi.

Ijumaa nilipanda kwenda kwa mama na nakala.
"Nisomee ya Gathitu," akasema.
Nikasoma hadi pa lori, akacheka,
akacheka hadi akashika kifua.
"Huyo ndiye tuliyemtuma."
Nikamsomea na ya Jepkosgei, ile mistari miwili.
Akanyamaza. Akaisogeza hita, kidogo tu,
mbali na kitanda changu.

Usiku niliamka nikafungua dirisha,
upana wa vidole viwili.
Kabla sijapata usingizi nikasikia komeo.
Nikangoja apumue kama aliyelala, nikafungua tena.
Komeo.
Hakuna aliyemwita mwenzake jina.

Asubuhi alinimiminia chai
akauliza kama kule Nakuru mjini
huwa nalala dirisha likiwa wazi.
Nikasema ndiyo, mama, kule hakuna baridi.
"Ehe," akasema,
akitazama mikono ya shati langu.